"Kamuti" maana yake nini hasa? Nahitaji jibu kabla ya Jumapili

Mwana wa Birere (Goma)

Wakubwa kwa wadogo, salamu. Niko hapa Goma. Nauliza neno moja tu, na naomba anayelijua kweli anijibu, maana Jumapili familia mbili zitakaa chini kwa ajili ya neno hilo.

Dada yangu ameolewa mwezi uliopita. Doti, yaani mahari, ilitolewa, kanisani tulienda, kila kitu kilipita vizuri. Picha zikawekwa kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho wamo watu wa pande zote mbili. Mtoto wa baba mkubwa, kijana wa miaka 19 anayeshinda kwenye video za Wakenya, akaandika chini ya picha moja: "Kamuti ya dada imeshika!" Shangazi wa upande wa bwana akauliza kamuti ni kitu gani. Mtu mwingine, wala si yule kijana, akamjibu: "Ni dawa ya kumfunga mwanaume."

Tangu siku ile dada anapika, sahani zinarudi zimejaa. Shemeji wanasema wameshiba. Mama mkwe anakula kwa jirani. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Ila fufu yake (ugali) haiguswi, sombe (kisamvu) inalala kwenye sufuria mpaka asubuhi, na ninyi mnajua kwetu sahani ikirudi hivyo inasema nini.

Kijana analia. Anaapa kwamba alikuwa anamsifu dada. Mimi namwamini, lakini wazee hawatakula kiapo chake. Wanataka kujua neno. Linatoka wapi? Wenye neno wanalitumiaje? Na kwa Kiswahili chetu sisi linakuwa nini?

Himbi mpaka Nairobi

Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa Himbi, nina miaka tisa Nairobi. Hili neno nalisikia kila wiki, kwa hiyo nitakueleza jinsi linavyosemwa, nisikufiche upande wowote.

Kamuti ni dawa ya mapenzi. Hiyo ndiyo maana ya msingi. Watu wanasema "amewekewa kamuti": mtu amefanyiwa jambo, moyo wake umeshikwa, haoni mwingine. Asili yake ni Kikamba, lugha ya Wakamba wa Kenya. Muti ni mti, ka- ya mbele inapunguza, kwa hiyo ni kamti kadogo, kijiti, kipande cha mzizi. Ndiyo maana kila wakilitaja wanataja Machakos, Kitui na Makueni. Kwa Wakamba hilo ni mzigo. Nimefanya kazi na dada mmoja wa Kitui, mtu wa sala, mpole. Alipochumbiwa, kazini nzima wakamwuliza bwana harusi kama amepimwa. Alicheka nao. Jioni kwenye matatu nikamwona anafuta macho.

Sasa upande wa pili. Vijana wa mjini wamelichukua neno wakalifanya jepesi. Mwanaume akirudi nyumbani mapema, akimkabidhi mke mshahara, akiacha pombe, marafiki wanasema kamuti. Msichana akipika chakula kitamu, mvulana anamwambia "umeniwekea kamuti wewe", na msichana anafurahi, anajua amesifiwa. Hapo hakuna mganga, hakuna mzizi. Ni namna ya kusema mapenzi yamezidi.

Kwa hiyo binamu yako hakudanganya. Kwa umri wake na video anazoangalia, alisema: shemeji anampenda dada mpaka inashangaza. Na yule aliyemjibu shangazi naye hakudanganya. Kila mmoja alichukua neno kwa mkono wake.

Nina swali kwako: kijana aliandika "kamuti ya dada" au "dada amewekewa kamuti"? Hapa kuna tofauti kubwa.

Mwana wa Birere (Goma)

Asante sana kaka. Aliandika "kamuti ya dada". Yaani dada ndiye mwenye kamuti. Hilo ndilo shangazi analoshikilia.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)

Mwanangu, nimefundisha Kiswahili na Kifaransa hapa Lubumbashi kwa miaka mingi kabla ya kupumzika. Ngoja niongeze yangu taratibu.

Ukija hapa Katuba ukamwambia mtoto "letea kale kamuti", atakuletea kijiti. Atakupa cha kuchokolea moto, au cha kupigia mbuzi. Hatashtuka hata kidogo. Kiswahili chetu cha Katanga kinapunguza vitu kwa ka- na tu-: kamutoto, tutoto, kanyumba, tunyumba, kamuti, tumiti. Kiswahili cha vitabuni kingesema kitoto na kijiti. Sisi tumepokea ka- kutoka lugha za nyumbani, Kiluba, Kibemba, Kisanga, na vijana wa Nairobi nao wameipokea kutoka lugha zao. Ndiyo maana neno hili likifika Kongo linakuta mlango umefunguliwa. Halina sauti ya kigeni. Linaingia kama mtu wa nyumbani, na kumbe limebeba mzigo tusioujua.

Lakini mzigo huo nao si mgeni kabisa. Kibemba kinasema umuti kwa mti na kwa dawa, neno lile lile. Wazulu umuthi wao ni hivyo hivyo, mti na dawa. Nenda kwa jirani zenu wa Rwanda: umuti ni dawa, na mti wenyewe wameupa jina jingine, igiti. Nani asiyeelewa sababu? Dawa ya mababu ilikuwa gome, jani na mzizi. Mtu aliyekwenda kuchuma dawa alikwenda kwenye mti. Neno likatembea kutoka kwenye mti kwenda kwenye tiba, na kutoka kwenye tiba kwenda kwenye ile nguvu ambayo hatuioni.

Na sisi Waluba tuna neno letu, bwanga, wingi manga. Kwa Kiluba bwanga ni dawa yenye nguvu, iwe ya kuponya, ya kulinda au ya kuangusha mtu. Lina undugu na mganga na uganga wa Kiswahili. Mzizi ni mmoja, -ganga. Neno hilo limevuka hata bahari: kule Haiti, ambako watu wa Kongo na Angola walipelekwa utumwani, hirizi wanaiita wanga mpaka leo. Sanamu za Waluba mnazoona kwenye picha za majumba ya makumbusho, sanamu ni mbao tu. Kilichoipa nguvu ni kile mganga alichokiweka ndani yake, bijimba. Bila bijimba ile ni kazi nzuri ya seremala.

Nasema haya yote kwa sababu moja. Katika maneno hayo yote, hakuna hata moja lililoanza kwa ubaya. Mti, dawa, bwanga. Ubaya unaletwa na anayeuliza: imefanywa juu ya nani?

Dereva wa Kasumbalesa

Mzee Fundi amesema kweli. Mimi napita Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kila mwezi. Upande wa Zambia ukiumwa kichwa unauliza muti dukani, wanakupa vidonge. Hakuna anayekuangalia vibaya. Siku ya kwanza nilipolisikia niliogopa, nikadhani ninapelekwa kwa nganga!

Watanzania tunaobeba nao mizigo wana yao. Dawa ambayo mwanamke anampa mwanaume wanaiita limbwata. Za mpira na biashara wanaziita ndumba. Kitu cha kuvaa mwilini ni hirizi, kile kifuko cha ngozi au kitambaa. Wao hawachanganyi. Ukimwambia dereva wa Dar es Salaam ana hirizi, anaweza kukuonyesha na kukwambia alipewa na babu yake, imeandikwa aya ndani. Ukimwambia mke wake ana limbwata, mtapigana barabarani.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)

Dereva, umetusaidia sana. Hirizi ni neno la Kiarabu, lina maana ya kinga. Talasimu nayo ni ya Kiarabu. Na dawa pia ni ya Kiarabu, wengi hawajui. Kiswahili cha pwani kina utajiri mkubwa hapo: kago na zindiko ni za kukinga mtu au nyumba, fingo inafukiwa ardhini kulinda mahali, kombe ni maandishi yanayooshwa kwa maji na kunywewa. Kila moja ina kazi yake na jina lake.

Sisi Kongo tumetupa karibu yote kwenye mfuko mmoja, dawa. Dawa ya malaria, dawa ya kuku, dawa ya mende, dawa ya kupendwa, dawa ya vita. Tukitaka kutenganisha tunachukua fetishi, la Kifaransa, na Wafaransa walilipata kwa Wareno, feitiço. Hilo ni neno la mtu wa nje aliyekuja pwani ya Afrika akaona kitu cha mwenzake asichokielewa, akakipa jina la uchawi. Mimi shuleni niliwakataza wanafunzi kulitumia kwa kila kitu, lakini limeshinda.

Kijana wa Katindo

Jamani, kwa nini tunakuza? Ni mzaha wa intaneti. Kila siku vijana wanaandika hivyo. Dada apuuze, baada ya wiki mbili wataanza kula.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Mwanangu wa Katindo, miye nakujibu na heshima, juu uko mutoto na hauyapita mahali nilipita.

Nilikuwa nauzisha sambaza, tule tusamaki tudogo, soko ya Kadutu. Bwana yangu alikuwa ananipenda, hakuwa mulevi, franga yote analeta ku nyumba. Ndugu zake bakaanza kusema: huyu mwanamuke amemutia mu chupa. Hivi tunasemaka hapa, kutia bwana mu chupa. Ilianza kama kicheko, paka vile munafanya na ile kamuti yenu. Batu banacheka, na miye nacheka pamoja nao. Nilijiona mwanamuke mwenye bahati.

Kiisha mukubwa wa bwana akagonjwa tumbo. Alikuwa amekula kwangu siku mbili mbele. Batu hawakusema tena chupa. Bakasema karuho. Wale wa huku Bukavu munajua ile neno inafanya nini. Karuho ni sumu, ile ya kutia mu chakula ao mu kinywaji, mutu anakonda polepole. Hakuna mutu alienda ku hospitali kupima kitu. Kwa juma moja tu, dawa ya mapenzi ikakuwa dawa ya kuua, na kinywa ni kile kile, na mukono banaonyesha ni wangu.

Nilitoka ku ile nyumba usiku na batoto batatu. Nililala kwa dada yangu Bagira miezi mingi. Yule mukubwa alipona, alikuwa na vidonda vya tumbo, docteur alimwambia. Hakuna mutu alirudi kuniambia pole.

Kwa ile naambia huyu wa Birere: usingoje juma mbili. Sahani ikianza kurudi, njo mwanzo. Enda ile Jumapili, na ule kijana aende na kinywa chake mwenyewe.

Kijana wa Katindo

Mama, nisamehe. Sikujua. Nimeliandika mimi pia neno hilo mara nyingi chini ya picha za marafiki. Nimekwenda kufuta.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Haina neno mwanangu. Asante.

Golikipa wa Majengo (Goma)

Nimesoma maneno ya Mama mara mbili. Kuna kitu nataka kusema kuhusu wanaume, kwa sababu naona tunaongea kana kwamba dawa ni mambo ya jikoni.

Nilisimama golini miaka sita kwenye timu ya kartye, yaani ya mtaa. Kila mechi kubwa kulikuwa na mtu wa dawa. Tulivaa kamba kiunoni chini ya bukta. Kocha mmoja alifukia kitu nyuma ya goli langu na kuniambia nisiguse mwamba wa kushoto. Hakuna aliyeniita mchawi. Nilipodaka penalti mbili siku moja, wakaniinua juu wakiimba "ana dawa! ana dawa!" na mimi niliinua mikono. Ilikuwa sifa.

Angalia vita. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walipigana huku mashariki wakiamini maji yaliyobarikiwa yanageuza risasi. Walikuwa wanapaza sauti "Mai Mulele!" kwa jina la Pierre Mulele, kiongozi wa waasi. Agosti ya mwaka ule walifika mpaka Bukavu, jeshi la serikali chini ya Kanali Léonard Mulamba likawazuia. Kabla yao, upande wa Tanganyika, kati ya 1905 na 1907, Kinjekitile Ngwale alikuwa amewapa watu maji pale Ngarambe ili risasi za Wajerumani zisiwapate, na vita vyenyewe vikaitwa Maji Maji. Na Mai-Mai, wale wapiganaji wa hapa kwetu, jina ni lile lile, maji. Yule anayewatengenezea dawa wanamwita docteur. Wanapewa masharti: usiibe, usimguse mwanamke, usipeane mkono ovyo. Risasi ikimpata mtu, wanasema alivunja sharti, na mara nyingi sharti lenyewe ni la mwanamke.

Mnaona? Mwanaume akiwa na dawa ni shujaa. Dawa ikishindwa, mwanamke ameiharibu. Na mwanamke akipendwa tu na bwana wake, bila kamba kiunoni, bila maji, ameloga. Neno ni moja, dawa, lakini kwa mwanaume ni nguo ya sherehe na kwa mwanamke ni kesi.

Sisemi dawa za mpira ni mchezo mzuri. Septemba 2008 kule Butembo, katikati ya mechi, golikipa alituhumiwa kufanya fetishi. Fujo ikaanza, polisi wakaingia, watu wakakanyagana, na zaidi ya 10 wakafa, wengi wao vijana wadogo. Tangu siku niliposikia habari ile sikuvaa kamba tena. Nilikatwa kwenye timu msimu uliofuata.

Himbi mpaka Nairobi

Golikipa, umegusa kitu. Miaka yote niliyokaa Nairobi, sijawahi kusikia mtu akisema mwanaume ameweka kamuti kwa mke wake. Pengine inasemwa, mimi sijaisikia. Mwanamke akimng'ang'ania mwanaume mbaya, watu wanasema ni mjinga. Mwanaume akimng'ang'ania mwanamke mwema, wanasema kamuti. Sikuwahi kulipanga kichwani hivyo mpaka leo.

Mwana wa Birere (Goma)

Nimekaa na simu hii tangu saa moja. Asanteni wote. Mama wa Kadutu, nimemsomea mama yangu maneno yako, amenyamaza muda mrefu, kisha amesema nikusalimie.

Sasa nisaidieni kwa Jumapili. Nikisimama mbele ya wazee, niseme nini? Nikisema "kamuti ni dawa ya mapenzi lakini ya mzaha", watasikia "dawa" na wataishia pale. Nikisema "ni kijiti", watadhani ninawadanganya.

Mtetezi wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu, mimi nafanya kazi ya kuwasaidia watu mbele ya sheria. Nitasema kifupi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza wazi kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 imelirudia. Kwa watu wazima kuna njia ya kumshtaki anayekuharibia jina. Lakini nakuomba usianze na sheria Jumapili. Nimeona familia nyingi: ukitaja korti kwenye kikao cha wakwe, ndoa imekwisha siku hiyo hiyo hata kama umeshinda. Iweke mfukoni. Ikifika siku dada yako anafukuzwa au anapigwa, itoe.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi)

Mwanangu, usitafsiri. Hilo ndilo kosa lililofanyika kwenye kikundi: mtu alilitafsiri neno moja kwa neno moja, kamuti kwa dawa, na maneno haya hayabadilishani viti hivyo. Dawa ya Kongo ni pana kuliko kamuti ya kijana wako, na kamuti ya Machakos ni nzito kuliko ya kijana wako. Alichukua neno la tatu, ambalo ni jipya, na halina jina kwetu.

Fanya hivi. Mwache kijana aseme kwanza alichotaka kusema kwa Kiswahili cha nyumbani, asitaje kabisa kamuti. Atasema: "Nilitaka kusema shemeji anampenda dada yangu sana, na nilifurahi." Kisha aombe msamaha kwa shangazi, si kwa wazee. Shangazi ndiye aliyeuliza akajibiwa vibaya, na mbele ya watu. Anahitaji njia ya kurudi.

Baada ya hapo wewe ndiye ulete historia ya neno. Anza na mti. Wazee wanaujua mti. Waambie kwa Wanyarwanda umuti ni dawa ya kumponya mtu, wengi wa Goma wanalijua hilo tangu utotoni. Kisha uwaambie kwamba vijana wa Nairobi wanapomwona mtu anapendwa wanasema amepata kamti kadogo. Usiwafiche kwamba wengine huko wanalisema kwa ubaya. Mzee akijua kwamba umemficha kitu, kila ulichosema kabla kinaanguka.

Golikipa wa Majengo (Goma)

Na mimi naongeza: shemeji yako azungumze. Mpaka sasa uzi wote huu unamwongelea kama kitu kilichofungwa. Yeye ana kinywa. Kama anampenda mke wake, aseme mbele ya mama yake kwamba anampenda kwa akili zake.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Ile ya Golikipa ni kubwa kuliko zote. Bwana yangu hakusema kitu. Alikaa kimya, anaangalia chini. Kama angesema neno moja, sikuwa naenda Bagira.

Mwana wa Birere (Goma)

Wakubwa zangu, leo ni Jumatatu. Narudi kuwaeleza yaliyotokea.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Kijana alisimama wa kwanza. Alitetemeka, akasahau nusu ya maneno, lakini aliyasema yale ya Mzee Fundi: nilitaka kusema shemeji anampenda dada, nilifurahi. Akageuka kwa shangazi akapiga magoti, jambo ambalo hatukumfundisha. Shangazi akamwambia: "Inuka. Mimi niliuliza tu."

Nikaeleza mti. Mzee mmoja wa upande wao, mtu wa Masisi, akanisaidia mwenyewe: "Kweli, mimi mama yangu alikuwa anachemsha majani ya mti, tulikuwa tunapona." Nikawaambia pia lile zito, kwamba kule linasemwa kwa ubaya. Pale paliguna kidogo. Baba mmoja akauliza: basi tunajuaje hili halikuwa la ubaya? Sikuwa na jibu zuri. Nikasema tu, kijana yupo hapa, mwulizeni.

Shemeji ndiye aliyefunga. Hatukumpanga. Alisema: "Mama, mimi nilimpenda huyu miaka miwili kabla hajawahi kunipikia hata chai. Alikuwa ananikataa. Kama kuna mtu aliyetafuta dawa hapa, ni mimi, na sikuipata, nilingoja." Watu wakacheka, na dada akaficha uso kwenye kitenge.

Mama mkwe hakucheka. Alikaa hivyo kama dakika nzima. Kisha akauliza jikoni kuna nini. Dada akasema kuna fufu na sambaza, alipika asubuhi kwa mazoea, hakutegemea. Mama mkwe akasema zileteni. Alinawa, akakata tonge la kwanza yeye kabla ya wanaume, akalichovya, akala. Hakusema kitu chochote. Baadaye akasogeza sahani kwa shangazi.

Yule aliyeandika "dawa ya kumfunga mwanaume" ametoka kwenye kikundi. Hatujui kwa nini alifanya vile na sitamtafuta.

Mama wa Kadutu, mama yangu anaomba namba yako kwa njia ya faragha, anasema akija Bukavu atakuja kununua sambaza kwako.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Niko pale pale, mwanangu, ku mulango wa chini wa soko. Aje mapema, saa nne zinakuwa zimeisha. Na dada yako anaendelea aje leo?

Mwana wa Birere (Goma)

Amenipigia sasa hivi. Mama mkwe amemuuliza kesho atapika nini.